Bango Lenye Mkono wa Mtu: Mwongozo Kamili wa Kuweka Kasoro za Makusudi Bila Kuharibu Kazi

Kazi ninazoonyeshwa na vijana wa dizaini hapa Tanga zinakwama mahali pamoja. Mtu amechoka na fonti laini na vivuli vya kung'aa, anataka bango lake lionekane limepita mikononi mwa binadamu. Anapakua fonti yenye mikwaruzo, anamwaga chengachenga za vumbi juu ya bango zima, anapindisha maneno mawili matatu. Kisha mteja anaona uchafu, mpita njia hasomi, na dizaina mwenyewe anahisi kuna uongo fulani asioweza kuutaja.

Uongo huo unaonekana ukisogea karibu. Andika neno BAISKELI kwa fonti ya mikwaruzo. Lina I mbili. Mkwaruzo ulio kwenye I ya kwanza, ubavu wa kushoto karibu na juu, upo pia kwenye I ya pili, palepale, kwa urefu uleule. Muhuri uliochongwa kwa mkono haupigi mara mbili sawasawa hata ukitaka. Mtu hahitaji kusomea sanaa ili jicho lake lishtuke.

Kwa hiyo mwongozo mzima una kanuni moja: kila kasoro iwe na sababu ya kweli, ama chombo, ama mkono, ama karatasi, na isiguse habari ambayo msomaji anaihitaji. Tutafanya kazi moja ya mfano mwanzo hadi mwisho: bango la A3 la kulala la fundi baiskeli wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye pia anakodisha. Neno kubwa ni BAISKELI. Chini yake kuna "Tunakodisha na kutengeneza", barabara, saa za kazi, bei na namba ya simu.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Ukianza kutafuta wembe huku rangi inakauka, kazi imeharibika.

- Kandambili jozi moja, za mpira mwepesi, zilizochakaa. Za ukubwa wa mtu mzima zinatosha herufi zote saba tunazohitaji.
- Wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, na kipande cha ubao cha kukatia juu yake.
- Msasa laini, shiti moja.
- Vipande vya mbao au kadibodi nene vya kubandikia herufi, na gundi ya mpira ya mafundi viatu.
- Rangi ya maji ya ukutani, nyeusi, nusu kikombe. Rangi ya mafuta iache: inachelewa kukauka na kuiosha kunataka tina.
- Kipande cha sponji ya godoro na sahani bapa.
- Nyuzi za mkonge, kishada chenye unene wa kidole gumba, na uzi wa kufungia.
- Karatasi nyeupe za kawaida, karatasi za kaki, na magazeti ya zamani.
- Skana, au simu yenye kamera nzuri.
- Kompyuta yenye GIMP, ya kuhariri picha, na Inkscape, ya kuchora kwa mistari. Programu zote mbili ni za bure.

Mkonge hatuutafuti mbali. Kama hujui pa kuanzia, nenda kwa wauza kamba, au nunua brashi ya kupakia chokaa na uchomoe nyuzi zake.

## Hatua ya 1: Tenga kinachosomwa na kinachohisiwa

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika kila kitu ambacho msomaji akikikosea atapata hasara: namba ya simu, bei, barabara, saa, tarehe kama ipo. Kulia andika vinavyobeba hisia: neno kubwa, mchoro, rangi, mipaka.

Kasoro zinaruhusiwa kulia tu. Hapa hakuna mjadala. Namba 8 iliyomomonyoka inakuwa 3, na katika jiji ambalo barabara za Ngamiani zinajulikana kwa namba, tarakimu moja iliyoliwa inampeleka mteja mtaa mwingine.

Tazama kanga yoyote iliyoko nyumbani. Rangi ya maua mara nyingi imetoka kidogo nje ya mstari wake, pembeni ya ua kuna uzi mweupe ambako rangi haikufika, na hakuna anayeirudisha dukani kwa sababu hiyo. Lakini jina la kanga linasomeka. Kanga yenye jina lisilosomeka ndiyo inayolalamikiwa. Waliovaa na kuchagua kanga miaka yote wanaijua mipaka ya kasoro kuliko wengi wetu tunaokaa mbele ya kompyuta.

Yapo pia mambo yasiyochezewa hata yakiwa upande wa kulia: aya, majina matukufu, jina la marehemu kwenye tangazo la msiba, maelekezo ya dawa. Kwa kazi hizo funga mwongozo huu, tumia herufi safi.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumpa mtu karatasi ile na akajua, bila wewe kueleza, kipi hakiguswi.

## Hatua ya 2: Chagua kasoro moja kubwa, na ya pili ya kuisindikiza

Vijana wengi hushindwa hapa kwa uroho. Wanataka mikwaruzo, na madoa ya chai, na karatasi iliyokunjwa, na rangi iliyoteleza, na herufi zilizopinda. Kila moja inadai kisa chake, na visa vitano kwenye karatasi moja havisikilizani.

Jiulize bango hili lingetengenezwaje kama kompyuta isingekuwepo. Fundi baiskeli angechonga mihuri kwa mpira na kupiga rangi. Basi kasoro kubwa ni alama za muhuri: rangi isiyojaa, kingo zisizonyooka. Ya pili ni rangi ya chini kuteleza kidogo, kwa sababu ndivyo inavyokuwa rangi mbili zikipigwa kwa mizunguko miwili. Zote mbili zinatoka katika karakana moja. Doa la chai halina mahali hapa.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za baiskeli juu ya mbao za hadibodi zilizokatwa mraba, na sura ya kazi zake ilitokana kwa sehemu kubwa na vitu hivyo: rangi bapa zinazong'aa, nyuma kusikochosha macho, mistari iliyonyooka moja kwa moja kutoka kwenye brashi. Hakuiga ukali wa chombo. Alikitumia chombo.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumaliza sentensi hii kwa kila kasoro: "Imetokea kwa sababu…"

## Hatua ya 3: Chonga herufi

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo inayolipa. Usiikimbie.

Vua mikanda ya kandambili. Sugua upande wa juu wa soli kwa msasa uliotandikwa mezani, ukizungusha mkono, mpaka michoro ya kiwandani ipungue. Usiimalize yote. Vishimo vidogo vinavyobaki ndivyo vitakavyotoa madoa meupe ndani ya herufi, na hayo ni bora kuliko vumbi lolote la kupakua.

Herufi tunazohitaji ni B, A, I, S, K, E na L. Ziandike kwa kalamu juu ya karatasi, kila moja urefu wa sm 6 na upana usiozidi sm 4. Rula tumia kwa urefu tu. Miguu na matumbo ya herufi chora kwa mkono huru.

Sasa angalia kinyume. Muhuri hugeuza kushoto kuwa kulia. A na I hazina shida, ziko sawa pande zote mbili. B, K na E ukizichonga bila kugeuza, ukizungusha muhuri juu chini zinasomeka. Mtego uko kwa S na L. Hizo mbili lazima zigeuzwe kabla ya kukata, maana hata uzizungushe vipi hazitakaa sawa. Njia ya uhakika kwa zote: chora kwa penseli nzito, laza karatasi kifudifudi juu ya mpira, sugua mgongo wake kwa kijiko. Mchoro unahamia ukiwa tayari umegeuka.

Jambo dogo kuhusu B. Ukiichonga wima halafu ukalazimika kuizungusha, tumbo kubwa linahamia juu na herufi inaonekana kama inataka kudondoka. Kuna kazi ambazo uzito huo wa juu unapendeza. Kwa fundi baiskeli haufai, kwa sababu bango linatakiwa kusema kwamba kitu kilichotengenezwa hapa hakidondoki.

Kata kwa wembe ukiuinamisha nje, ili herufi iwe na mguu mpana chini na uso mwembamba juu. Ukiuinamisha ndani, ukingo utakuwa hauna kinachoushikilia na utajikunja ukikandamiza. Pita mara mbili: mkato wa kwanza mwepesi wa kuonyesha njia, wa pili wa kuzama. Vidole vya mkono ulioshika vikae nyuma ya wembe daima. Mpira hukataa ghafla na kukubali ghafla.

Kona za ndani, kama tundu la A, usihangaike kuzifanya ziwe kali. Zikate kwa mikato mitatu minne mifupi. Mikato hiyo ikivuka kona kidogo inaacha vinyweleo vidogo kwenye chapa, na vinyweleo hivyo ni saini ya wembe ambayo programu ya kompyuta haiitoi.

Wala usikate vibaya kwa makusudi. Hili nalisisitiza kwa sababu naliona kila mara: mtu akiambiwa kasoro, anaanza kukata ovyo. Chonga vizuri kadiri ya uwezo wako wote. Kasoro inayopendeza ni ile inayobaki baada ya mtu kujitahidi. Ukizembea, jicho la mtazamaji linaona uzembe. Tazama milango ya nakshi, ya Pangani au ya Bagamoyo: jani la upande mmoja halifanani kabisa na mwenzake wa upande wa pili, lakini huoni hata jani moja lililochongwa bila kujali.

Bandika kila herufi juu ya kipande cha mbao kwa gundi ya mafundi viatu. Nyuma ya mbao chora mshale wa kuonyesha juu ni wapi.

Umefanikiwa ikiwa: ukiiweka herufi mbele ya kioo inasomeka, na ukiibonyeza kwa kidole ukingo haujikunji.

## Hatua ya 4: Piga chapa nyingi kuliko unavyohitaji

Tandika magazeti matano sita, juu yake karatasi nyeupe. Magazeti yanatoa ulaini unaoruhusu mpira kugusa karatasi mahali pote. Juu ya meza tupu herufi itagusa baadhi ya sehemu tu.

Mimina rangi kidogo kwenye sahani, chovya sponji, kisha gonga sponji pembeni mara kadhaa kuondoa ziada. Gongagonga herufi kwa sponji. Usichovye herufi kwenye rangi, maana rangi itajaa kwenye kingo na kumwagika nje ikikandamizwa, na chapa itapata ukingo mnene kama ute.

Kandamiza kwa kiganja kwa uzito ulio sawa, hesabu mbili, inua moja kwa moja. Usitikise.

Piga kila herufi mara nane. Ya kwanza na ya pili zitakuwa nzito mno. Kisha, bila kuongeza rangi, piga tena mara mbili. Utapata familia nzima: iliyoshiba, iliyokolea vizuri, iliyoanza kukauka, na iliyochoka. I piga mara kumi na sita, kwa sababu tunahitaji mbili tofauti.

Hewa yetu ya pwani inachelewesha kukauka, na wakati wa masika karatasi inajikunja kabla rangi haijashika. Laza karatasi chini, pembe zote nne ziwekewe uzito, na feni iangalie ukutani. Feni ikipiga karatasi moja kwa moja pembe zitainuka na rangi mbichi itagusana.

Ukimaliza osha mihuri mara hiyohiyo kwa maji na sabuni kidogo. Rangi ya ukutani ikikauka ndani ya vishimo haitoki.

Umefanikiwa ikiwa: ukipanga chapa zote za S mezani, unaweza kuchagua moja kwa sababu unayoweza kuitamka. "Hii imepungua rangi chini, kwa hiyo inaonekana imesimama kwenye ncha" ni sababu. "Hii ni mbovu zaidi" haitoshi.

## Hatua ya 5: Chora gurudumu kwa mkonge

Funga nyuzi za mkonge kwa uzi, sm 3 kutoka kwenye ncha, kata ncha zilingane, loweka majini mpaka zilainike, kisha kamua. Chovya ncha tu kwenye rangi.

Chora gurudumu kwa mzunguko mmoja wa bega, bila kuinua. Kifundo cha mkono kinatoa duara lenye vikona. Bega linatoa duara lenye pumzi. Rangi itaanza kukauka robo ya mwisho na nyuzi zitaacha mistari kama ya reli, na hapo ndipo gurudumu linapoanza kuzunguka machoni. Ukirudia kupaka ili ujaze pengo, umelisimamisha.

Fanya magurudumu kumi kwenye karatasi ya kaki, chagua mawili. Kwenye bango letu tutatumia moja. La pili la akiba.

## Hatua ya 6: Ingiza kwenye kompyuta

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi ya kijivu. Ukikosa skana, piga picha kwa simu kando ya dirisha asubuhi, karatasi ikiwa ukutani na simu ikiwa sambamba nayo. Taa ya simu izimwe.

Katika GIMP tumia amri ya Threshold, iliyo kwenye menyu ya Colors, kugeuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu. Sogeza kitelezi huku ukitazama herufi iliyochoka. Ukikisogeza mno upande mmoja vishimo vinajaa na kazi yote ya msasa inapotea. Upande mwingine herufi inakatika vipande. Simama pale ambapo vishimo vinaonekana na umbo bado limeshikana.

Futa alama za vidole, vumbi la kioo cha skana na ukingo wa karatasi. Vishimo, vinyweleo na kingo vibaki. Kipimo ni kilekile: kilichosababishwa na muhuri kinakaa, kilichosababishwa na skana kinaondoka.

Ukigeuza kuwa mistari kwa Trace Bitmap ya Inkscape, punguza sehemu ya kufuta madoa na ya kulainisha kona. Zikiachwa juu, programu itaona kazi yako ni kosa na kuisahihisha.

## Hatua ya 7: Panga neno kwa jicho

Fungua ukurasa wa A3, mm 420 kwa 297, na uongeze mm 3 kila upande kwa ajili ya kukatia. Weka mistari miwili ya mwongozo, ya juu na ya chini ya neno.

Panga herufi nane. Usitumie kitufe cha kulinganisha nafasi. Kitufe hupima umbali kati ya visanduku, na jicho hupima hewa iliyoko kati ya maumbo. A na I zikiwekewa nafasi sawa na L na I, A itaonekana imejitenga juu na L itaacha shimo. Sogeza mpaka hewa ionekane sawa.

S ifanye ivuke mistari yote miwili kidogo, nusu milimita juu na nusu chini. Ukiibana ndani ya mistari, itaonekana ndogo kuliko majirani zake, kwa sababu tumbo la mviringo linagusa mstari kwa nukta moja tu wakati E inaugusa kwa upana wake wote. Hata waundaji wa fonti zilizo safi kabisa hufanya hivi kwa O na S. Kilichonyooka kwa rula na kilichonyooka kwa jicho ni vitu viwili, na uzuri uko kwa jicho. Nikifundisha, hapa ndipo ninapokawia, maana mwanafunzi akishaliona hili kwa macho yake anaacha kuogopa kusogeza vitu.

Sasa mchezo wenyewe. Chagua herufi moja, moja tu, iinamishwe digrii moja au mbili. Kwa neno hili ningeinamisha K, kwa sababu mguu wake tayari unatoka nje na mwinamo unaonekana kama hatua. Herufi nyingine zisimame. Zikiinama zote, hakuna iliyoinama, neno linaonekana tu limelewa.

I ya kwanza iwe ya chapa iliyoshiba, ya pili ya chapa iliyochoka. Ziweke kinyume kama unataka neno lifunge kwa nguvu mwishoni. Nimependa mpango wa kwanza: neno linaanza na uzito na kuondoka kwa wepesi, jambo ambalo baiskeli inalifanya.

Maandishi ya chini yaandikwe kwa fonti safi isiyo na mapambo. Kanuni wanayotumia mafundi wa mabango ni takriban sm 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Neno kubwa likikuzwa hadi sm 7 linasomeka vizuri mita 8 hivi, yaani ng'ambo ya barabara nyingi za Ngamiani. Namba ya simu ipe sm 2.5. Usafi wa maandishi haya ndio unaoifanya kasoro ya juu ionekane ya makusudi. Kila kitu kikichakaa pamoja, mtu anadhani mashine imeishiwa wino.

Umefanikiwa ikiwa: ukikodoa macho nusu, neno ni mstari mmoja wenye uzito sawa, ukiyafungua, unaona herufi nane zenye tabia nane.

## Hatua ya 8: Telezesha rangi

Tutumie rangi mbili, buluu iliyokolea kwa neno na gurudumu, na njano kwa umbo la gurudumu lililojazwa, nyuma. Maandishi ya chini yawe meusi.

Tengeneza umbo la njano lifuate duara la nje la gurudumu, kisha lisogeze mm 1 hadi 1.5 kulia na chini. Buluu iwe juu, kwa hali ya Multiply, ili pale zinapokutana rangi ya tatu itokee, kijani cha giza. Rangi hiyo ya tatu ni zawadi ya bure na watu huisahau.

Kama una maumbo mawili ya njano, yote yateleze upande uleule kwa kiasi kilekile. Kwenye chapa ya kweli karatasi nzima huhama, umbo moja haliwezi kwenda kulia na jingine kushoto. Hili ndilo linalowafichua wengi: wamesogeza kila umbo peke yake kwa kubahatisha, na jicho linakataa bila kujua kwa nini.

Bango likipanuliwa kuwa fleksi ya A0, kila kitu kinakua karibu mara 2.8, na mteleze wa mm 1.5 unakuwa zaidi ya mm 4. Kwa mtu anayesoma kwa mbali ni sawa. Kwa stika ya baiskeli, fanya kinyume: ondoa mteleze kabisa, maana chini ya ukubwa fulani unasomeka kama ukungu.

## Hatua ya 9: Libandike ukutani

Chapa nakala moja kwa printa yoyote, hata nyeusi na nyeupe kwa vipande viwili vya A4 vilivyounganishwa kwa gundi. Libandike nje. Skrini ina mwanga wake, ukuta wa chokaa una mwanga wa jua la saa saba, na kijivu kilichopendeza ndani kinakufa huko.

Muombe mtu ambaye hajaliona asimame mita 3 hivi kutoka kwenye bango na akusomee namba ya simu na bei kwa sauti. Tafuta na mtu mzima wa kuvaa miwani. Akisita kwenye tarakimu yoyote, rudi hatua ya 7. Kisha uliza swali moja tu: "Hili limetengenezwaje?" Akijibu "wamepiga mhuri" au "wamechora kwa mkono", umefika. Akijibu "limeharibika," hesabu kasoro na uondoe moja.

## Hatua ya 10: Kwa mteja, na kwa mtu wa mashine

Mteja usimpelekee faili tu kwenye simu. Nenda na mihuri. Mazungumzo hubadilika mtu akiishika S ya mpira mkononi.

Atauliza, na ana haki ya kuuliza: "Mwanangu, hii I ya mwisho mbona imeliwa?"

"Mzee wangu, hiyo imepigwa kwa mpira huu, rangi ikiwa inakwisha. Namba yako ya simu na bei zako sikuzigusa, zisome."

Mwache azisome. Mteja anaogopa kwamba watu watadhani amefanyiwa kazi ya bei rahisi, na woga huo una msingi, kwa hiyo jibu lako liwe sababu unayoweza kuionyesha, si neno "staili". Akiendelea kukataa, mbadilishie I hiyo na chapa iliyokolea zaidi. Ndiyo faida ya kupiga nyingi. Usibishane naye juu ya ladha dukani kwake.

Mtu wa mashine ndiye hatari iliyosahaulika. Kazi yake ya kila siku ni kuona rangi iliyotoka nje ya mstari na kuirekebisha. Mpe faili ya PDF pamoja na nakala uliyochapa, na andika kwenye karatasi ya oda: "Herufi zenye vishimo na njano iliyohama ni za makusudi. Zisirekebishwe. Maandishi madogo lazima yawe makali." Maandishi hayo madogo yawe nyeusi tupu ya asilimia 100, si mchanganyiko wa rangi nne, kwa sababu mashine ikihama kidogo herufi ndogo za mchanganyiko hupata vivuli, na hiyo ni kasoro ambayo hukuiomba. Kaa pale mpaka nakala ya kwanza itoke.

## Ikikushinda, angalia hapa

Bango linaonekana chafu. Karibu kila mara kasoro imeingia kwenye nafasi tupu. Safisha karatasi ya nyuma iwe nyeupe au rangi moja bapa. Alama zibaki ndani ya maumbo.

Linaonekana la uongo. Tafuta kinachojirudia: herufi mbili zinazofanana kabisa, doa lilelile pembe mbili. Badilisha moja.

Halina nguvu. Umeogopa. Mteleze wa nusu milimita na mwinamo wa nusu digrii vinaonekana kama makosa ya bahati mbaya. Ongeza mpaka mtazamaji asiwe na shaka kwamba ulikusudia, au ondoa kabisa.

Chapa zote zimetoka nzito na zimeziba. Sponji imeshiba rangi. Ikamue, na uondoe gazeti moja chini ya karatasi.

Mpira umeanza kuchanika kwenye kona. Usiubandike upya kwa gundi usoni, itaacha kinundu. Chonga nyingine kutoka kwenye kisigino kilichobaki, na muhuri wa zamani uweke kando: chapa yake iliyochanika inaweza kufaa kazi nyingine.